Homa imeshuka lakini tumbo linauma? Huenda dengue imegusa kongosho

Wiki hii nimeweka kando mada niliyokuwa nimeiandaa ili nijibu ujumbe wa msomaji mwenzako, mama mmoja wa Tabata jijini Dar es Salaam. Jibu lake linaweza kuokoa maisha ya mtu wa nyumbani kwako.

Mama huyo anaeleza kuwa mumewe alishikwa na homa kali, kichwa kikamgonga, macho yakauma kwa ndani na viungo vyote vikawa kama vimepondwa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, cha dengue kikaonyesha anao. Walirudi nyumbani na parasetamo. Siku ya nne homa ikashuka, mzee akaoga, akaomba uji, ndugu wakaanza kumshukuru Mungu.

Usiku wa siku hiyohiyo aliamka akiwa amejikunja. Maumivu yalikuwa juu ya kitovu, yakipenya hadi mgongoni, na kila alichokunywa alikitapika. Jirani akasema hivyo ni vidonda vya tumbo. Zikanunuliwa dawa za vidonda, na pamoja nazo vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu. Kulipokucha mikono ilikuwa ya baridi na hawezi kusimama. Hospitali wakaambiwa kongosho limevimba.

Tunashukuru amepona. Lakini mkewe anauliza: “Daktari, mimi najua dengue ni ugonjwa wa homa na viungo. Imefikaje kwenye kongosho?”

Kongosho ni nini?

Kongosho ni tezi laini iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Kwa mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 15. Lina kazi kubwa mbili. Kwanza, linatengeneza vimeng’enya vya kusaga chakula na kuvipeleka kwenye utumbo mwembamba kwa njia ya mrija. Pili, linatoa insulini inayodhibiti sukari kwenye damu.

Vimeng’enya hivyo ni vikali. Kwa kawaida hutoka kwenye kongosho vikiwa vimelala, vikaamka vikifika kwenye utumbo. Kongosho likijeruhiwa, huamka mapema vikiwa humohumo ndani, na kongosho huanza kujimeng’enya lenyewe. Ndiyo maana maumivu yake ni makali kiasi hicho.

Sababu zinazoongoza ni mawe kwenye mfuko wa nyongo na unywaji wa pombe. Lakini virusi navyo vimo kwenye orodha. Virusi vya matubwitubwi vinajulikana kwa hilo tangu zamani, na dengue pia imo.

Dengue inafikaje huko?

Dengue, ambayo wazee wetu waliiita kidingapopo, huenezwa na mbu aina ya Aedes anayeuma mchana. Mwaka 2019 nchi yetu iliandikisha wagonjwa zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa Dar es Salaam. Wengi wanaougua hupona bila matatizo. Wachache huingia kwenye dengue kali, na hapo ugonjwa huhesabiwa miongoni mwa homa za virusi zinazosababisha kutoka damu.

Katika dengue kali, kuta za mishipa midogo ya damu hulegea. Majimaji ya damu huvuja na kujaa tumboni au kuzunguka mapafu, na damu inayobaki huwa nzito. Wakati huohuo chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hupungua.

Wataalamu wanataja njia tatu ambazo kongosho linaweza kuumizwa. Virusi vinaweza kulishambulia moja kwa moja. Shinikizo la damu likishuka, kongosho hukosa damu ya kutosha. Na majimaji yanayovuja yanaweza kuvimbisha sehemu ambapo mrija wake unamwaga kwenye utumbo, ukaziba.

Niseme wazi ili usiogope bure: tatizo hili si la kawaida. Lakini hupita bila kutambuliwa kwa urahisi, kwa sababu maumivu ya tumbo kwenye dengue yana sababu nyingi. Ini linaweza kuvimba, hata mfuko wa nyongo.

Homa kushuka si kupona

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kipindi cha hatari cha dengue huanza pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba tangu kuugua. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za kumwangalia mgonjwa kwa karibu zaidi.

Mpeleke hospitali bila kusubiri asubuhi ukiona dalili hizi:

• Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, hasa ya juu ya kitovu yanayokwenda mgongoni, au yanayopungua kidogo anapoinama mbele.

• Kutapika mara kwa mara.

• Kutoka damu puani au kwenye fizi, kutapika damu au kupata choo cheusi.

• Kulegea sana, kuhangaika, au kuwa na mikono na miguu ya baridi.

• Kupita saa sita bila kukojoa.

• Kupumua kwa shida au tumbo kujaa.

Mjamzito, mtoto mchanga, mzee na mwenye kisukari wasisubiri hata dalili hizi. Waonwe na daktari mapema.

Makosa ya nyumbani

Kosa la kwanza ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu kwa mtu ambaye chembe sahani zimeshapungua. Tumia parasetamo peke yake. Mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Kumpa zaidi ni kuliumiza ini ambalo tayari linasumbuliwa na virusi.

Kosa la pili ni sindano ya takoni “ili homa ishuke haraka”. Kwa mgonjwa wa dengue, sindano ya kwenye msuli inaweza kuvujisha damu ndani ya nyama.

Kosa la tatu ni kutundikiwa dripu mtaani. Hili nalieleza zaidi, maana wengi huona dripu haina madhara. Kongosho lililovimba linahitaji maji. Lakini mishipa ya mgonjwa wa dengue inavuja, hivyo maji yakizidi huishia kwenye mapafu, naye akashindwa kupumua. Yakipungua, shinikizo linaanguka. Daktari hupima uzito wa damu, mapigo ya moyo na kiasi cha mkojo, kisha anaongeza au kupunguza maji saa kwa saa. Kazi hiyo haifanyiki sebuleni.

Utakachokutana nacho hospitali

Daktari akishuku kongosho, atapima damu kuangalia vimeng’enya vyake, yaani amilesi na lipesi. Vikifika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida au zaidi, pamoja na maumivu niliyoyataja, jibu linakuwa limepatikana. Altrasaundi husaidia kuangalia mawe ya nyongo na majimaji tumboni. Sukari nayo hupimwa, kwa sababu kongosho lililoumia linaweza kushindwa kutoa insulini ya kutosha.

Hakuna dawa inayoua virusi vya dengue. Matibabu ni maji kwa kipimo, dawa salama za maumivu, na chakula chepesi mara mgonjwa anapoweza kula. Wengi kongosho lao hurudi katika hali yake. Baada ya kuruhusiwa, kaa mbali na pombe na urudi kupima sukari kama daktari atakavyokuelekeza.

Je, ni dengue pekee?

Hapana. Kuvimba kwa kongosho kunatajwa pia kwenye hatua kali za ugonjwa wa Marburg, uliotufikia mkoani Kagera mwaka 2023 na tena Biharamulo mwaka 2025. Tofauti ni kwamba Marburg huambukiza kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa. Kama eneo lako lina mlipuko, au umemhudumia mgonjwa au kushiriki kuosha maiti ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa usioeleweka, ukapata homa, usipande daladala kwenda kliniki. Piga simu 199 ya Wizara ya Afya bila malipo, upewe maelekezo.

Nimalizie na wewe mama wa Tabata. Unasema bado unajilaumu kwa vile vidonge vya usiku. Usijilaumu, ulitumia ushauri uliokuwepo saa nane za usiku, na asubuhi ulimfikisha hospitali akiwa hai. Sasa mwambie na jirani yako: dengue ikishusha homa na tumbo likaanza kuuma, dawa za vidonda zikae kabatini kwanza, gari litafutwe.

Na wewe msomaji, leo kabla ya kulala, mwaga maji yaliyotuama kwenye matairi, ndoo na vyungu vya maua. Mbu wa dengue huzaliana humo. Tukutane wiki ijayo.