Urani: namna tani 45,200 za Trekkopje zilivyogeuka 26,000

Katika mwaka wa 2007, Areva, kampuni ya serkali ya Ufaransa, ilitoa dola bilioni 2.5 kununua UraMin, kampuni ndogo ambayo haikuwa imeuza hata kilo moja ya urani. UraMin ilikuwa na vibali vya kutafuta madini, pamoja na hesabu zilizotoka kwenye mashimo ya kutoboa. Hesabu hizo zilihusu hasa Trekkopje katika jangwa la Namibia, Bakouma kwa jirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Ryst Kuil, Afrika ya Kusini.

Mwezi wa Desemba 2011, Areva ikatangaza kwamba Trekkopje haina tani 45,200 za urani kama ilivyokadiriwa, bali tani 26,000. Katika vitabu vyake ilifuta thamani ya euro bilioni 1.46 kwa ajili ya mali za UraMin. Hakuna mtu aliyebeba urani ile usiku. Tani 19,200 ziliondoka kwenye karatasi, mahali pekee zilipokuwa.

Ili kuelewa namna jambo hili linavyowezekana, inafaa kuangalia kazi yenyewe ya kutoboa, ile inayoitwa foraji katika migodi yetu. Shimo ni jembamba, karibu upana wa kiganja. Wataalamu wanatoboa kwa mistari, pengine kila mita 50, pengine kila mita 100 au zaidi, kwa sababu kila shimo ni feza. Wanashusha ndani chombo cha kupima mionzi ya gama, na mawe yaliyotoka wanayapeleka maabara. Kati ya shimo moja na lingine hakuna anayeona kitu. Nafasi ile inajazwa kwa hesabu.

Tuchukue kipande cha ardhi cha mita 100 kwa mita 100, chenye unene wa mita 10. Ikiwa kila mita ya ujazo ina uzito wa tani 2.2, hapo kuna tani 220,000 za mawe. Mashimo yakionyesha gramu 120 za urani kwa kila tani, kipande kina tani 26.4. Lakini kama katikati ya mashimo kiwango cha kweli ni gramu 80, zinabaki tani 17.6. Gramu 40, vijiko vichache vya sukari ndani ya tani nzima ya mawe, na sehemu moja kwa tatu ya mgodi imepotea.

Urani ya Trekkopje ni haba namna hiyo, chini ya gramu 200 kwa tani. Imetawanyika ndani ya mawe ya chokaa karibu na uso wa ardhi, kwenye njia za mito ya zamani. Udongo wa aina hii una mtego wake. Chombo cha gama hakipimi urani yenyewe. Kinapima zaidi mionzi ya vitu vinavyozaliwa urani inapooza, kama vile vinavyotokana na radiumu. Maji yakihamisha urani na kuiacha radiumu nyuma, chombo kitapiga kelele mahali ambapo urani ilikwisha kuondoka. Ndiyo maana vipimo vya maabara ni vya lazima, hata kama ni vya bei kali.

Tena kuna soko. Katikati ya mwaka wa 2007 urani ilipita dola 130 kwa ratili moja, karibu nusu kilo. Kwa bei ile, hata jiwe maskini linahesabiwa kuwa mali. Kiisha ajali ya Fukushima, mwezi wa Machi 2011, bei ilianguka zaidi, na jiwe lilelile likarudi kuwa udongo. Kanuni za Australia na Kanada zinalazimisha kampuni kutenganisha tani zilizopimwa vizuri na zile za kudhaniwa tu. Za kudhaniwa haziruhusiwi kuitwa akiba ya kuchimbwa. Magazeti mara nyingi yanazijumlisha zote.

Trekkopje ilisimamishwa mwaka wa 2012. Kiwanda cha kuondoa chumvi katika maji ya bahari, ambacho Areva ilikijenga pwani kwa ajili ya mgodi, kiliendelea kufanya kazi: maji yake yananunuliwa na NamWater, kampuni ya maji ya serkali ya Namibia.

Areva hiyohiyo ilitia sahihi mapatano na Kinshasa mwezi wa Machi 2009, juu ya kutafuta urani katika inchi yetu. Hapa mfano mkubwa ni Shinkolobwe, katika Haut-Katanga, mgodi uliofungwa kwa amri ya rais mwaka wa 2004. Urani yake si ile iliyotawanyika ya Namibia. Inakaa katika mishipa, na sehemu ya mawe yaliyopelekwa Marekani wakati wa vita ya pili ya dunia ilikuwa na kiwango cha 65 kwa mia. Utajiri wa namna hii unapendeza macho lakini unasumbua wenye kuhesabu. Shimo linaweza kupita mita moja kando ya mshipa lisikute kitu, ama kuugonga katikati na kufanya kilima kizima kionekane kimejaa urani. Mashimo ya kila mita 100, yanayoweza kufaa jangwani, hapo hayatoshi.