Orodha ya saa nne usiku

Fungua mkoba wa mama yeyote aliyekaa kwenye benchi la kliniki, utakuta maandishi mengi kuliko anavyodhani mwenyewe. Kuna kadi ya mtoto yenye uzito wa kila mwezi na tarehe za chanjo. Kuna kijidaftari cha mchezo wa fedha unaosimamiwa na kijumbe, majina ya wanachama kumi na wawili na alama ya vema kwa kila aliyekwisha kupokea. Kuna risiti ya umeme wa LUKU ambayo nyuma yake imeandikwa namba ya fundi friji. Ndiyo maana mama anaponiambia, "Dokta, mimi si mtu wa kuandika," huwa namsikiliza tu. (Mimi si daktari, ni mshauri wa saikolojia, ila kusahihisha nimeshachoka.)

Anaandika kila siku. Isipokuwa katika karatasi zote hizo hakuna mstari hata mmoja unaomhusu yeye.

Nikimshauri ajiandikie, neno shajara nalo halisaidii. Wengi likiwafikia masikioni wanakumbuka bweni la sekondari, daftari lenye stika za maua na siri za mvulana wa kidato cha nne. Mama wa watoto watatu anayeamka saa kumi na nusu alfajiri hana muda wa mchezo huo, na ana haki. Ninachokizungumzia hapa kinahitaji kalamu, karatasi na dakika tano, na mara chache dakika kumi na tano.

Nilimpokea muuguzi mmoja, mkazi wa Mbagala, ambaye kufika kazini kwake ni daladala mbili. Alikuja kwa sababu ya kichwa. Amepima malaria, amepima presha, amebadilisha miwani, kichwa kipo palepale. Nyumbani walikwisha kumpa jibu wanalopewa wanawake wengi: una mawazo, acha mawazo. Kama vile mawazo ni soda, mtu anaamua tu kuacha. Nilipomuuliza kuhusu usingizi akasema analala vizuri, ila saa nane usiku anazinduka, na kinachomzindua huwa ni kitu cha kijinga. Juzi ilikuwa soksi.

Nikamwomba jioni hiyo, kabla hajazima taa, aandike chochote kilichomo kichwani bila kukipanga. Alirudi na ukurasa wa nyuma wa daftari la hisabati la mwanawe. Kwa ruhusa yake nanukuu sehemu: "Soksi nyeupe za Alhamisi. LUKU imebaki uniti 6. Dada anataka kwenda kwao wiki ijayo, nani atabaki na mtoto? Kijumbe, elfu ishirini, nimeahidi Ijumaa. Kumpigia mama mkwe. Dawa ya minyoo. Zamu ya usiku Jumamosi, sijamwambia baba watoto." Orodha iliendelea hadi mambo kumi na moja.

Hakuna kubwa hapo, na ugumu uko hapohapo. Jambo kubwa likikufika, msiba au ugonjwa, watu hujaa uani, mzigo unagawanywa. Soksi nyeupe hazina matanga. Unazibeba peke yako, na akili ina tabia ya kulishikilia jambo ambalo halijaisha. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, akiwa Berlin, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa katikati kuliko walizozimaliza. Kila mama angeweza kumweleza hilo bure.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, wakiongozwa na Michael Scullin, waliwalaza vijana 57 katika maabara ya usingizi. Kabla ya kulala kila mmoja aliandika kwa dakika tano. Nusu waliandika mambo ambayo bado hawajayafanya, nusu nyingine mambo waliyokwisha kuyamaliza. Ungedhani kuorodhesha viporo kungewanyima usingizi. Ikawa kinyume: walioandika viporo walisinzia mapema kwa takribani dakika tisa, na kadiri orodha ilivyokuwa na vipengele vingi na vya wazi, ndivyo usingizi ulivyowahi. Nakiri kwamba vijana wale walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 30, wamelala kwenye chumba kimya, na hakuna aliyekuwa na mtoto anayenyonya ubavuni. Lakini nimeona jambo hilohilo kwa akina mama wengi mno kiasi kwamba siwezi kulipuuza.

Uwazi ndio wenye kazi. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba jambo lisilokamilika huacha kumsumbua mtu akishaliwekea mpango mahususi, hata kama bado hajalifanya. Kwa hiyo nilimrudisha muuguzi wetu kwenye ukurasa wake. "Soksi" peke yake haitoshi. Akaandika: "Jumatano jioni, nikishuka kituoni, kwa yule kaka wa mtumba karibu na mnazi." Saa, mahali, mtu. Mama mkwe akapata Jumapili baada ya ibada. Suala la dada wa kazi halikupata jibu, ila lilipata hatua ya kwanza: kumuuliza anaondoka siku ngapi. Hilo lilikuwa halijaulizwa na mtu yeyote ndani ya nyumba ile, watu walikuwa wanaogopa jibu tu.

Aina ya pili ya kuandika ni nzito zaidi, na hapa naomba utulivu kidogo. Kuna mambo ambayo hayana orodha. Mimba iliyotoka na hakuna aliyeitaja tena. Maneno ya wifi siku ya arobaini. Hasira kwa mtoto, ambayo mama hathubutu hata kuinong'ona kwa shoga yake. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi 46 wa chuo kikuu kimoja cha Texas. Waliwagawa makundi manne na kuwaandikisha dakika 15 kila siku kwa siku nne. Kundi moja liliandika mambo ya kawaida, mengine yaliandika jambo lililowaumiza zaidi maishani. Waliotoa tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi sita iliyofuata. Ila siku ileile ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Hili la mwisho wauzaji wa madaftari yenye maua hawalisemi.

Tangu hapo tafiti zimekuwa nyingi. Joanne Frattaroli alizikusanya 146 mwaka 2006 na kukuta kwamba kwa wastani faida ipo, lakini ni ndogo. Mimi naipokea hivyohivyo. Dawa isiyo na gharama, yenye faida ndogo, naiweka kwenye kabati langu. Siiiti muujiza.

Kinachovutia ni namna maandishi ya wanaopona yanavyobadilika. Pennebaker na wenzake walihesabu maneno wakaona kwamba waliopata nafuu ni wale ambao siku ya kwanza walikuwa na maneno machache ya sababu na utambuzi, kisha yakaongezeka siku hadi siku. Kwa Kiswahili ni "kwa sababu", "kumbe", "nimegundua", "sasa naelewa". Muuguzi wetu naye aliandika hivyo. Siku ya kwanza: "Nimechoka. Nyumba hii kila mtu ananiita mimi. Nimechoka." Siku ya tatu: "Niligomba kwa sababu ya sahani, kumbe sikugombea sahani. Nilikuwa nimetoka kumfunika mgonjwa aliyefariki, na nilipofika nyumbani hakuna aliyeniuliza siku imekuwaje." Sikumfundisha sentensi hiyo. Kalamu inakwenda polepole kuliko mawazo, na katika ule upole "kumbe" hupata nafasi ya kuingia.

"Kumbe" lisipoingia, simama. Utafiti wa David Sbarra na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, uliwahusu watu 90 waliotengana na wenzi wao karibuni. Wale wenye kawaida ya kuchimbachimba sababu ya kila jambo, walipoambiwa waandike hisia zao, hali yao miezi kadhaa baadaye ilikuwa mbaya kuliko ya wenzao walioandika mambo ya kawaida ya siku. Kwa hiyo ukijikuta unaandika kosa lilelile la mume kwa mara ya saba, maneno yaleyale, unatonesha kidonda. Rudi kwenye soksi.

Kuhusu shukrani, wapo watakaokuambia uandike mambo matatu ya kushukuru kila siku. Utafiti upo na si wa kubeza. Lakini kwa mama ambaye tayari anaambiwa na kila mtu ashukuru Mungu ana kazi na ana watoto, mimi huwa siagizi. Shukrani ya kulazimishwa inakuwa kazi ya nyumbani nyingine.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni jepesi: "Na wakisoma?" Ni la haki kabisa. Nyumba zetu zina vyumba viwili na watu saba, na daftari halina kufuli. Wanawake wa pwani walilijua tatizo hili zamani, wakachagua jina la kanga na kulivaa mbele ya mlengwa bila kufungua kinywa. Katika kuandika, uzuri ni kwamba karatasi haihitaji kubaki. Andika ya moyoni kwenye karatasi iliyochanwa, usijali herufi kubwa wala nukta, ukimaliza itie kwenye jiko la mkaa. Anayependa simu aandike kwenye simu yenye namba ya siri, ajue tu kwamba simu ya mama ndiyo inayochezewa na watoto. Asiyependa kuandika kabisa azungumze peke yake na kinasa sauti cha simu.

Orodha ya viporo, hiyo usiichome. Baada ya wiki tatu muuguzi wetu aliweka kurasa zake mezani, akamwomba baba watoto aweke alama kwenye mambo aliyojua kwamba yapo. Katika kumi na moja ya ukurasa wa kwanza aliweka alama mbili, LUKU na kijumbe. Alikaa kimya muda, kisha akauliza dawa ya minyoo inapatikana wapi. Tangu siku hiyo dawa ya minyoo ni yake, pamoja na soksi. Kichwa cha mama hakijaacha kuuma kabisa, ila saa nane usiku sasa analala. Naamini alama zile mbili zilimsaidia kuliko kurasa zote za hisia. Kama kazi za nyumba zinabaki kwa mtu mmoja, kumpa daftari ni kumwongezea kazi ya kuziorodhesha.

Na kuna hali ambazo daftari haliziwezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake wapatao 13 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Ukiona wiki mbili zimepita huna raha na lolote, unashindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, au wazo la kujidhuru limekupitia hata mara moja, usisubiri kuandika. Mwambie mtu usiku huohuo, na kesho uende hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili. Tangu mwaka 1987 kipo kipimo kilichotungwa Uskochi kwa ajili ya waliojifungua, maswali kumi tu, na hujazwa kwa dakika chache. Ukiwa kliniki, mtoto akishashuka kwenye mzani na kadi yake ikaandikwa, usiinuke haraka. Mwambie nesi kwamba na wewe una jambo.