Kidonge ni bure, safari ya Ikuti ina bei

Chupa ya dawa za miezi mitatu ina vidonge 90, na vidonge 90 ndani ya plastiki vina kelele. Gari likipita kwenye mashimo vinachakacha, na ndani ya Noah iliyojaa watu kuna masikio mengi. Mama mmoja wa Ikuti, wilayani Rungwe, ninayemfahamu ameshapata dawa ya kelele hizo. Akitoka kliniki Tukuyu hujibanza pembeni, akafungua chupa, akashindilia pamba mpaka vidonge vikakaa kimya, ndipo akaitumbukiza chini ya sukari na sabuni kwenye kikapu. Anakwenda nyumbani kama mtu aliyetoka sokoni.

Kidonge hicho ni kimoja kwa siku, na ndani yake mna dawa tatu za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV): tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mama huyu hajawahi kukilipia hata senti. Wakati fulani dozi ya aina hiyo ingemgharimu shamba lote la migomba, na bado lisingetosha.

Sisi tuliokulia Rungwe miaka ya 1990 hatuhitaji kuelezwa. Tulikuwa tukitoka matangani tunaingia matanga mengine. Vijana waliokuwa Mbeya mjini au kwenye biashara za mpakani walirudishwa nyumbani wamekonda, wakauguzwa na mama zao, wakazikwa kando ya nyumba. Dawa ilikuwepo duniani. Tangu mwaka 1996 ilijulikana kwamba dawa tatu kwa pamoja zinavifubaza virusi, ila mwaka 2000 dozi ya mtu mmoja iliuzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, yaani kama shilingi milioni 8 za wakati ule. Waliokufa katika miaka hiyo waliuawa na virusi, na waliuawa na bei pia.

Bei hiyo haikushuka kwa huruma ya wenye hataza za dawa. Februari 2001, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India alitangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka dozi hiyo kwa dola 350 kwa mwaka. Miezi miwili baadaye, kampuni 39 za dawa zilizokuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya dawa za bei nafuu zilifuta kesi, baada ya wagonjwa na wanaharakati kujaza mitaa. Novemba mwaka huohuo, mkutano wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Doha ulikubali kwamba haki ya hataza isiizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Ukaja Mfuko wa Dunia mwaka 2002, ukafuata mpango wa Marekani wa PEPFAR mwaka 2003, na mwaka 2004 Tanzania ikaanza kugawa dawa bure. Agosti 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kwamba kidonge hiki cha sasa unakipata kwa chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka. Igawanye kwa siku, ni kama shilingi 300. Haifiki bei ya soda.

Matokeo yanaonekana hapa kwetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta watu wazima 4.4 kati ya kila 100 nchini wanaishi na VVU; kwa Mkoa wa Mbeya ni 9.6, wa tatu baada ya Njombe na Iringa. Lakini katika waliojua hali zao, karibu wote walikuwa kwenye dawa, na kwa wengi wao virusi vilikuwa vimefubazwa. Hapo ndipo faida inapovuka mwili wa mgonjwa. Mwaka 2011 utafiti uliofanyika katika nchi tisa ulionyesha kwamba anayeanza dawa mapema hupunguza hatari ya kumwambukiza mwenzi wake kwa asilimia 96. Kila kidonge anachomeza mama wa Ikuti kinamlinda mtu mwingine pia.

Kwa nini basi wapo wanaoacha dozi? Fuata safari ya yule mama. Ikuti kuna kituo cha afya. Yeye anakipita. Pale wanamjua shemeji zake, wanamjua wanakwaya wenzake, na benchi la kliniki halina mlango wa nyuma. Anapanda bodaboda, kisha Noah, mpaka Tukuyu ambako hajulikani sana. Siri yake ina nauli, na nauli hiyo hutoka kwenye mkungu wa ndizi au maziwa ya asubuhi. Mvua za masika zikiharibu barabara bodaboda hupandisha bei, na siku ya kliniki huwa siku nzima ya shamba iliyopotea.

Uchovu wa safari kama hizo hunikumbusha Loliondo, mwaka 2011. Kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kule Samunge, kilichodaiwa kuponya magonjwa sugu, kiliuzwa shilingi 500, na watu walikopa na kuuza mali wapate nauli ya kukifikia. Wapo walioacha ARV wakiamini wamepona. Siwacheki hata kidogo, maana walikuwa wakitafuta kuachana na kliniki, kadi na foleni maisha yao yote.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa sana. Wengi walioanza dawa mwaka 2004 sasa wanazeeka, na uzee umewaletea presha na sukari. Kidonge cha virusi wanapewa bure, kisha wengi wanapitia duka la dawa kununua cha presha kwa fedha yao. Fedha ikiwa ndogo, yule aliyeponea ukimwi anaweza kuangushwa na kiharusi.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, swali la nani analipa lilirudi mezani, na bajeti ya 2025/26 ikaja na tozo mpya za kuchangia mapambano ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Ni hatua njema. Naomba wanaopanga matumizi yake wasiishie kwenye bei ya chupa. Kwa aliyetulia kwenye dawa, mwongozo unaruhusu apewe za miezi sita: safari mbili kwa mwaka badala ya nne. Dawa ya presha itoke dirisha lilelile, siku ileile. Na pale Ikuti, siku ya kliniki ichanganywe na huduma nyingine, ili anayeketi kwenye benchi lile asisomwe ugonjwa wake usoni.

Mara ya mwisho nilipoonana na yule mama alikuwa amepewa za miezi sita. Kikapu kilikuwa kizito kidogo kuliko kawaida, na pamba ilikuwa imemwishia. Alizungushia chupa kitenge, akakifunga kwa mafundo mawili, akapanda gari.