Jinsi vyuo vikuu vya Marekani huwanoa wanariadha wa masafa marefu

KWA zaidi ya miaka 40, vijana wa Kenya wenye kipaji cha kukimbia wamekuwa wakielekea Marekani kusoma katika vyuo vikuu kwa ufadhili wanaoupata kutokana na miguu yao. Wapo walioibuka mabingwa wa dunia. Wapo pia waliorejea nyumbani na majeraha, na majina yao hayakusikika tena.

Kipaji pekee hakielezi tofauti hiyo. Falsafa ya mazoezi ya kocha anayempokea kijana huwa na uzito mkubwa, na vyuo vilivyotamba kwa muda mrefu vina mambo kadhaa yanayofanana.

Ili kuielewa falsafa hiyo, ni vyema kwanza kufahamu jinsi mashindano yenyewe yalivyopangwa. Msimu huanza Septemba kwa mbio za nyika, ambazo fainali yake huandaliwa Novemba. Wakati wa baridi hufuata mashindano ya ukumbini hadi Machi, kisha yale ya uwanjani ambayo hufikia kilele Juni. Mwanariadha wa masafa marefu anaweza kutakiwa kushiriki misimu yote mitatu, huku akihudhuria masomo na kufanya mitihani.

Katika mbio za nyika, kila chuo huwakilishwa na wakimbiaji saba. Nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa, na chuo chenye alama chache zaidi ndicho hutwaa ubingwa.

Hesabu hiyo ina maana kubwa. Mkenya Edward Cheserek, aliyejishindia mataji 17 ya kitaifa akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, aliibuka wa kwanza katika mbio za nyika mnamo 2013, 2014 na 2015. Hata hivyo, Oregon haikutwaa taji la timu la wanaume katika mwaka wowote kati ya hiyo mitatu. Colorado ilishinda mara mbili na Syracuse mara moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kutokana na hali hii, kazi ya kwanza ya kocha ni kuhakikisha kwamba Novemba inapofika, wakimbiaji watano au zaidi wako imara na hawana majeraha. Anayewapa mazoezi makali kupita kiasi huenda akapata nyota mmoja na wagonjwa sita.

Somo hili lilifundishwa mapema na Bill Bowerman, aliyekuwa kocha wa Oregon hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati ambapo makocha wengi waliamini kwamba anayejitesa zaidi ndiye hushinda, Bowerman alisisitiza kuwa siku ya mazoezi mazito sharti ifuatwe na siku ya mazoezi mepesi. Sababu ni kwamba mwili haujengeki wakati wa kukimbia, bali wakati wa kupumzika baada ya kukimbia.

Mmoja wa vijana wake, Kenny Moore, alipenda kukimbia kwa bidii kila siku. Bowerman alimlazimisha kupunguza, na matokeo yake yakaimarika. Moore baadaye aliiwakilisha Marekani katika marathon ya Olimpiki mara mbili na kumaliza wa nne jijini Munich mnamo 1972.

Nguzo ya pili ilitoka New Zealand. Kocha Arthur Lydiard aliwataka wanariadha wake wakimbie takriban kilomita 160 kwa wiki kwa miezi kadhaa, kwa kasi isiyowamaliza nguvu, kabla ya kuwapeleka kwenye milima na hatimaye kwenye mazoezi ya kasi uwanjani. Hata Peter Snell, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800, alipitia mpango huo. Alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo mnamo 1960 na 1964.

Mafunzo ya Lydiard yalienea katika vyuo vya Marekani. Chuo Kikuu cha Colorado, chini ya Mark Wetmore, kilijenga timu zake juu ya msingi huo. Kila Jumapili vijana walikimbia mwendo mrefu, mara nyingi katika barabara ya milimani iliyo juu zaidi ya mji wa Boulder. Mwanafunzi mgeni hakuongezewa kilomita kwa pupa. Alipandishwa mwaka baada ya mwaka, kocha akitarajia mavuno katika mwaka wa tatu au wa nne. Kati ya 2000 na 2018, Colorado ilitwaa mataji manane ya timu katika mbio za nyika, matano ya wanaume na matatu ya wanawake.

Katika miaka ya karibuni, Chuo Kikuu cha Northern Arizona ndicho kilichotamba kwa wanaume, kikishinda mataji sita ya mbio za nyika kati ya 2016 na 2022. Chuo hicho kiko Flagstaff, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, karibu sawa na Eldoret. Hewa yenye oksijeni kidogo huufanya mwili uongeze chembe nyekundu za damu, jambo ambalo wakazi wa Bonde la Ufa hawahitaji kufundishwa.

Lakini mwinuko haukimbii kwa niaba ya mtu. Sehemu kubwa ya mazoezi ya timu kama hizo hufanywa kwa kasi inayodhibitiwa, ile ambayo mwili bado unamudu kuiondoa lakteti inayozalishwa na misuli. Mkimbiaji humaliza zoezi akihisi kwamba angeweza kuendelea. Aidha, vijana hukimbia pamoja kama kundi. Mwenye nguvu hujizuia ili asiwavunje wenzake, naye mnyonge huvutwa na kundi. Ni mtindo unaofanana sana na ule wa kambi za Iten na Kaptagat.

Hata hivyo, vyuo vyenye sifa havijakosa lawama. Mnamo 2021, wanawake kadhaa waliowahi kuikimbilia Oregon walilalamika hadharani kwamba upimaji wa mafuta mwilini uliwasababishia matatizo ya ulaji. Malalamiko kama hayo yalizuka pia Colorado, na chuo kikaanzisha uchunguzi.

Tatizo hapa ni la kifalsafa pia. Kupunguza uzito kunaweza kuleta kasi kwa muda mfupi, lakini msichana asiyekula vya kutosha hukosa hedhi, mifupa yake hudhoofika na nyufa huanza kujitokeza. Kocha anayefukuzia ushindi wa msimu mmoja kwa njia hiyo huenda akamharibia mwanariadha maisha yake yote ya michezo.

Kwa Wakenya, suala hili si geni. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mnamo 1978. Sally Kipyego alishinda mbio za nyika mara tatu akiwa Texas Tech kabla ya kupata medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London mnamo 2012. Mnamo Juni 2025, Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama alikuwa mwanariadha wa kwanza wa vyuo hivyo kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika tisa.

Majina hayo huwavutia wazazi na vijana wengi. Lakini anayepokea barua ya ufadhili anapaswa kuuliza maswali kabla ya kutia sahihi. Je, ni wangapi kati ya walioingia pamoja chuoni ambao bado wanakimbia katika mwaka wa nne? Je, mgeni hulazimishwa kushindana misimu yote mitatu katika mwaka wake wa kwanza? Nani huamua kuhusu uzito na lishe, kocha au daktari?

Swali la mwisho ni kuhusu majeraha. Ufadhili mwingine huandikwa kwa mwaka mmoja na kuhitaji kufanywa upya. Kijana aliyeumia akiwa mbali na nyumbani anahitaji kujua mapema kama ataendelea kulipiwa karo hadi apate shahada, kwa kuwa miguu huchoka siku moja, ilhali cheti hubaki.