Ndoa ya Dini Mbili Ikivunjika, Tufanyeje?



Huku kwetu Buha, tangu Kasulu mpaka Kibondo, si rahisi kukuta ukoo wenye dini moja tu. Mjomba ni Mwanglikana, shemeji ni Mpentekoste, na binti aliyekwenda Ujiji kufanya biashara amerudi na mume Mwislamu. Twakaa pamoja vizuri, twasaidiana kulima, twazikana. Lakini ndoa ya namna hiyo ikivunjika, maneno huwa mengi kijijini, na wengi huyasema bila kujua. Mimi mwenyewe, karani wa parokia, nilikuwa mmoja wao.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alifika ofisini na mtoto mgongoni. Yeye ni Mkatoliki, mumewe alikuwa Mwislamu. Walioana mbele ya shehe, wakakaa miaka sita, kisha mume akampa talaka na kuondoka. Sasa mwanamume Mkatoliki alitaka kumwoa. Mimi kwa haraka yangu sikuuliza neno. Nilimjibu, “Mama, Kanisa halina talaka.” Akaenda zake, akaishi peke yake na wanawe, wala hakuonekana tena kanisani.

Baada ya miaka mitatu Paroko alimkuta njiani, akamwuliza maswali yaliyonipasa mimi kumwuliza. Tukafungua kitabu cha ubatizo. Kando ya jina lake, mahali paandikwapo ndoa, palikuwa peupe. Ruhusa ya Askofu haikuombwa kamwe. Kumbe mbele ya Kanisa mama huyu hakuwa amefunga ndoa hata kidogo. Miaka mitatu alikaa nje kwa ajili ya neno langu.

Tangu siku ile nimejifunza kuuliza kwanza: ndoa hiyo ilifungwaje, na kati ya nani na nani? Maana ndoa za dini mbili si za namna moja.

Ya kwanza ni ya Mkatoliki na Mkristo wa madhehebu mengine aliyebatizwa. Wakiisha kufunga ndoa ya kweli kwa ruhusa ya Kanisa, na kukaa kama mume na mke, hakuna mtu awezaye kuifungua, hata Baba Mtakatifu. Tena tusijidanganye kuhusu ndoa za wenzetu. Waanglikana wawili wakioana kanisani kwao, Kanisa Katoliki laiheshimu ndoa yao. Kijana Mkatoliki asije akasema, “Yule dada ameachwa, naye hakufunga kwa Padre, basi yu huru.” Sivyo.

Ya pili ni ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa, kama Mwislamu. Hapa pana kizuizi, na Askofu tu ndiye awezaye kukiondoa. Mkatoliki huahidi kuishika imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe. Mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Ikifungwa hivyo ni ndoa ya kweli, nayo yafunga. Ikivunjika, Padre peke yake hawezi kuamua. Habari zapelekwa kwa Askofu, na nyingine hufika mpaka Roma. Lakini pasipo ruhusa, mambo ni kama ya mama yule.

Ya tatu ni ya wawili waliooana kabla ya ubatizo, kisha mmoja akabatizwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya jambo hili, katika sura ya saba ya barua yake ya kwanza. Mwenzi asiyeamini akikubali kukaa kwa amani, asiachwe. Akikataa na kuondoka, aliyebatizwa hafungwi tena. Lakini hufuatwa kwanza na kuulizwa: Je, wataka kubatizwa? Je, wakubali walau kukaa kwa amani pasipo kumchukiza Muumba? Naye aliyebatizwa asiwe ndiye aliyemfukuza mwenzake.

Hata ndoa iliyofungwa kanisani yaweza kuchunguzwa na Mahakama ya Kanisa, kama mmoja alishurutishwa, au tangu mwanzo hakukusudia ndoa ya kweli. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alifupisha njia hiyo: hukumu moja yatosha, haihitajiwi tena ya pili ya kuithibitisha.

Serikali nayo ina sheria yake, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Talaka ya mdomo peke yake haitoshi. Kwa kawaida shauri hupita kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kisha mahakama hutoa hukumu. Karatasi ya mahakama yalinda haki za mke, mume na watoto, lakini haifungui kifungo cha Kanisa. Na jibu la Kanisa haliondoi haja ya karatasi hiyo. Yatakiwa yote mawili.

Je, aliyeachwa akae mbali na Komunyo? Hapana. Aliyeachwa asiyeishi na mwingine hazuiliwi kwa sababu ya kuachwa tu. Anayepigwa na kuhatarishwa maisha aweza kutengana na mwenziwe, asingoje kuuawa. Na waliokwisha kuoa au kuolewa tena pasipo idhini, Baba Mtakatifu alisema wazi tarehe 5 Agosti 2015 kwamba hawakutengwa na Kanisa. Waje Misani, walete watoto wabatizwe, wazungumze na Padre juu ya hali yao.

Basi, wazazi, msipokee mahari ya pili kabla ya kumwona Paroko. Njoni na barua ya ubatizo, cheti cha ndoa ya kwanza mahali popote ilipofungwa, karatasi ya mahakama, na watu wawili waijuao ndoa ile. Nanyi makatekista na wazee wa jumuiya, msijibu kama nilivyojibu mimi.

Mama yule sasa anapokea Komunyo kila Dominika. Lakini mwanamume aliyemtaka alikwisha kuoa mwingine. Hakuweza kungoja miaka mitatu. Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Kila afikapo mtu ofisini na neno la ndoa, kwanza namkaribisha kiti, kisha nachukua kitabu.