Uvimbe wa Titi: Kisu si Mwisho wa Safari

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima jijini Mwanza, hupokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima. Wa Ukerewe huvuka maji. Wa Sengerema na Geita, waliokuwa wakisubiri kivuko, tangu Juni 2025 hupita juu ya daraja la Kigongo–Busisi. Safari imekuwa nyepesi. Hata hivyo, wako akina mama wanaogundua uvimbe katika titi na kukaa kimya miezi mingi, kwa kuhofu kisu kuliko maradhi yenyewe.

Uvimbe mwingi wa titi, hasa kwa wasichana, si saratani. Wala kuondoa uvimbe si kukata titi zima: hutolewa kinundu, jeraha likashonwa, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Siku hizi daktari hupenda kwanza kuchukua chembe kwa sindano, ili ajue anachokikabili kabla ya kupasua.

Anayengojea siku yake hana budi kumweleza daktari kila kitu: kisukari, shinikizo la damu, mimba, na dawa anazotumia, zikiwemo aspirini na za miti shamba, maana baadhi huzidisha kutokwa na damu. Akiambiwa asile tangu usiku, asile, hata uji. Chakula kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni wakati wa usingizi wa dawa.

Nyumbani ndiko kwenye shida. Jeraha lililofunikwa na nguo husahauliwa upesi, na siku ya tatu mama hutazamiwa ziwani, ndoo kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Mkono wa upande uliopasuliwa usiinyanyue mpaka daktari aruhusu, ingawa kuunyoosha taratibu kwafaa. Hapa tunasema na waume: kuchota maji na kuanika dagaa kwa majuma mawili hakumpunguzii mwanamume hadhi. Bandeji ibaki kavu, na sidiria imara hupunguza maumivu. Homa ikipanda, au jeraha likivimba na kutoa usaha, arudi hospitali pasipo kungoja tarehe.

Lakini linalotushughulisha zaidi ni majibu. Kinundu kilichotolewa hupelekwa maabara, hukatwa vipande vyembamba mno na kutazamwa kwa darubini. Huko ndiko hujulikana kama kilikuwa saratani au la. Kidonda kilichopona vizuri hakithibitishi lolote. Mwanamke aliyetolewa nyuzi akajiona mzima, asirudi kuchukua majibu, huenda ameacha nyuma habari ya kuokoa maisha yake, hali matibabu ya saratani yapo Bugando kwenyewe. Kabla ya kutoka wodini na aulize majibu yatatoka lini, ayafuate chumba gani, na ampigie nani simu. Nauli ya safari hiyo ya pili, iwe ya basi au ya chombo cha Nansio, na iwekwe kando mapema, pamoja na fedha za upasuaji.