Maji ndani ya gari la koperative: tuzibue tiyo ya klimatizeri

Tunapotoka kununua mbegu, mara nyingi tunaweka mifuko midogo chini, mbele ya kiti cha abiria. Kama pale panalowa kila klimatizeri ikiwashwa, mbegu zinaweza kuoza mbele ya kufika shambani.

Maji yanatoka wapi? Klimatizeri inapoza hewa, na unyevu wake unageuka matone. Matone hayo yanatoka chini ya gari kwa tiyo ndogo ya mpira. Vumbi na majani vikiiziba, maji yanarudi ndani.

Tufanye hivi:

1. Tusimamishe gari penye tambarare, tuzime motere, tungoje ipoe. Tusiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu.
2. Tutafute tiyo nyuma ya motere, mara nyingi upande wa abiria.
3. Tuingize polepole uzi mnene wa nailoni. Chuma chenye ncha hapana, kinaweza kutoboa klimatizeri.
4. Maji yakimwagika, basi imezibuka. Tukaushe zulia juani.

Kama maji yana rangi na yananata, hayo ni ya kupoza motere. Twende kwa fundi haraka.